Upindo

Mchanga ulitangulia kuja.
Ulitoka Mekong kwa bomba, usiku na mchana,
tope la kijivu likitapikwa ziwani
hadi mchicha wa maji tuliouza kwa mafungu
ukafukiwa ungali mbichi.

Akafuata kijana mwenye kopo la rangi,
akaandika ukutani kwetu, kwa wekundu:
mia moja na kumi na saba.
Yeay Moeun, mama mkwe wangu, akamwekea chai.
Alidhani tunahesabiwa ili tugawiwe vyandarua.

Kisha karatasi. Fidia:
riel za kununulia mlango na nusu ya dirisha,
na kiwanja huko mbali, nje ya Phnom Penh,
ambako hakuna kiwanda wala basi la kwenda kiwandani.

Ndipo Jumatatu tukaenda kuketi.
Kuketi tu. Andikeni hivyo.
Mzee Phan alikuja na mguu wake mmoja.
“Mwenzake niliutoa vitani,” alisema,
“huu uliobaki ni wa kukalia kwangu.”

Wazo la funguo lilikuwa la Chanthou:
kila mmoja aje na ufunguo wa nyumba yake
autikise mbele ya ofisi ya jiji.
Wasio na kufuli walikuja na vijiko.
Mlio wenyewe ulikuwa mdogo,
kama sarafu katika bakuli la mtawa.

Saa nne malori yakafunguliwa nyuma.
Ngao zao ni za plastiki inayopenya macho;
nilijiona humo, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande,
nikakiweka sawa.
Mkubwa wao akashika kipaza sauti:
mna dakika tatu.
Miaka ishirini na sita, dakika tatu.
Tukaendelea kutikisa.

Sitaeleza yote, sikuyaona yote.
Nilikuwa chini, shavu juu ya lami,
na kutoka chini mtu huona buti,
na juu ya buti, upindo wa suruali.

Mishono miwili, sambamba,
uzi wa buluu iliyokaribia weusi.

Niliujua.
Mstari wa sita, cherehani ya kumi na moja,
miezi minne, pindo mia saba kwa siku.
Msimamizi hakutuambia ni suruali za nani.
Alisema tu, shoneni imara,
hawa hukimbia sana.

Na kweli, haukufumuka.
Hata alipoinua mguu.
Hata mguu uliposhuka.

Ila palikuwa na kiuzi kimebaki, kinaning'inia,
urefu wa ukucha,
na vidole vyangu, vilevile vilivyofumbata ufunguo,
vikataka kujinyoosha vikikate.
Ni mazoea.
Sijui kama hilo ni la kuonea aibu.

Chanthou walimkokota kwa nywele.
Kandambili yake moja, ya njano, ikabaki barabarani
hadi jioni, pikipiki zikiikwepa
kwa adabu ambayo yeye hakufanyiwa.
Kosa lake kwenye hati: kuzuia magari.

Jumatano tingatinga likaja kwa mia moja na kumi na saba.
Yeay Moeun alikuwa amefunga mlango
kabla ya kutoka, kama kawaida,
akajaribu kitasa mara mbili.

Leo marobota yameingia tena kiwandani.
Buluu ileile.
Nimeketi. Nimetunga uzi.
Ufunguo uko shingoni, kwa kamba,
kila nikiinama unagonga meza ya cherehani.

Kando ya mkono wangu kuna kigurudumu
kinachoamua urefu wa mshono.
Kutoka mbili hadi tano ni kukizungusha kidogo tu,
na upindo utashika siku chache, kisha utaachia.

Msimamizi yuko mstari wa nne.
Yuko wa tano.
Kidole changu kiko juu ya kigurudumu,
ufunguo unagonga, unagonga.