Punje Isiyokuwepo

Ukumbi wa parokia, Kiboriloni, jioni ya mazoezi.
Mvua inapiga bati, sauti yangu haifiki hata kiti cha tatu.
Nacheza mjane. Nalia kwa maneno yote niliyopewa,
mikono imening'inia kama nguo za mtu mwingine kambani.

"Aikaruwa," anasema Ndeshau, "funga mdomo.
Onyesho zima, bila neno. Mwili wako unajua nini?"

Haujui kitu. Naupeleka mkono kifuani,
naushusha. Kama askari wa barabarani.
Eliaichi anacheka nyuma ya pazia.

Kisha nakaa.
Na sijui kwa nini namkumbuka mama,
miaka kumi na tisa kiwandani akichambua buni,
mbovu kushoto, nzima kulia;
siku walipoleta habari za baba kutoka Himo
hakupiga yowe. Alikaa kwenye kigoda,
vidole vikaendelea kuchambua
juu ya kanga tupu, mapajani,
kushoto, kulia, kushoto,
hadi shangazi akamshika viganja.

Naviachia vidole vichambue.
Polepole. Kichwa sikiinui.
Kidole gumba kinasita juu ya punje isiyokuwepo,
sijui niitupe upande gani.

Eliaichi hacheki tena.
Mvua ipo palepale. Ndeshau amevua miwani,
anaipangusa, anaipangusa,
wala hajui kwamba mikono yake inasema.

"Sasa," anasema, "ongeza neno moja."
Nalitafuta.
Umeme unakatika kabla sijalipata.