Sekunde Kumi na Moja

Daugavpils, Februari. Barafu dirishani
imechora ramani ya nchi isiyo na watu.
Nabandika vikombe vidogo vya fedha, ishirini na kimoja,
kichwani pa Visvaldis, fundi mstaafu wa mabehewa.
Nywele zake bado zanukia sabuni ya dadake.

Mwanga machoni: mboni hazijali.
Pamba juu ya jicho: kope haipepesi.
Nyundo gotini: gogo.
Naigusa neva nyuma ya goti kwa umeme.
Ishara moja yashuka, shavu la mguu laruka kidogo.
Ya pili, iliyopaswa kupanda hadi uti wa mgongo,
igeuke, irudi,
haikurudi.
Imepokewa mlangoni na kuambiwa: lala.

Kisha kioo cha mashine.
Mstari. Mstari. Umenyooka kama reli aliyoihudumia,
sekunde kumi na moja,
halafu vurugu, miiba, vilele vinavyokanyagana,
halafu mstari tena.
Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo.
Hawakusema Visvaldis yuko wapi,
kwenye kimya au kwenye mshindo.

Dokta Jurģis alitazama saa,
akauliza, taratibu, kama kuna jamaa wa kutia saini.
Mirdza alifungua mkoba kutafuta kalamu.
Yakaanguka makasha matatu ya baklofeni, matupu.
"Miguu ilimkaza usiku kucha," akasema,
"kama mlango uliovimba kwa unyevu.
Alitaka itulie tu. Mimi sikuhesabu."

Kalamu ikarudishwa mkobani.

Mashine moja ikampumulia,
nyingine ikamfulia damu, ndoo hata ndoo.
Nilirudi kila asubuhi na gundi yangu.
Kumi na moja. Tisa. Tisa tena.
Usiku ule sikulala; nilihesabu matone ya bomba.
Sita.
Siku ya nne mbili, na kati yake mawimbi mapana, mazito,
kama ya mtu anayeota bila kujua anaota.

Siku ya tano, kabla ya jicho,
kabla ya kuitikia jina lake,
mguu wa kushoto ulikaza, ukapiga teke bamba la kitanda:
ule ule ukakamavu alioumezea vidonge.
Mirdza aliukumbatia kwa mikono miwili,
kama mtu aliyemnasa mwizi wake wa miaka
na sasa hataki aondoke.

Nikaandika pembeni mwa rekodi:
saa mbili na dakika tano. Mguu.