Mlango wa Tatu

Metro ya mama ilikuwa na milango mitatu,
na huo wa tatu ndio uliotusomesha.

Ulifunguka kwa nyuma, kwenda juu,
kama karani anayepiga miayo saa nane.
Vyuma vya gesi vilivyopaswa kuushikilia
vilikata roho mwaka themanini na sita.
Tangu hapo tuliuegemeza kwa mchi,
na siku ya pilau Bi Kuruthumu wa jirani
alikuja kuudai mchi wake kwenye gari letu.

Austin, rangi ya haradali.
Mama alirudi nayo kutoka Wolverhampton
pamoja na cheti cha ukunga na koti zito
lililobaki kabatini, chakula cha nondo.

Mshahara wa Muhimbili uliisha tarehe kumi.
Kuku hawakujua tarehe.

Trei kumi na nane, kiti cha nyuma kimelazwa,
mimi katikati, miaka tisa,
mikono nimeitandaza kama tetea aatamiaye,
Makongo hadi Upanga, shimo kwa shimo.

Gari lile halikutegemea springi kama magari ya watu.
Lilikalia vibuyu vinne vya gesi na maji,
na vile viwili vya nyuma vilichangia mshipa:
kimoja kikizama, mwenzake anavuta pumzi.
Nilikuwa nikiwasikia chini ya makalio yangu
wakipokezana.

Jumapili moja, saa nane na dakika kumi,
saa ambayo magari ya binafsi yalipigwa marufuku,
askari akatusimamisha Mwenge.
Mama, na sare yake nyeupe:
“Kuna mzazi ana uchungu.”
“Fungua nyuma.”
Nikatoa mchi, nikasimamisha mlango.
Akatazama. Akahesabu kwa midomo.
“Sista, na haya mayai?”
“Ya mzazi.”
Mia tano na arobaini, mzazi mmoja.
Askari aligeuka akaitazama barabara muda mrefu,
mabega yakimtikisika,
kisha akavua kofia, akaomba sita.

Sasa ipo Gerezani, imeinamia kushoto
kama mtu aliyekalia tako moja.
Maji ya vibuyu hayapatikani Dar nzima,
nimeuliza hadi kwa wauza dawa za mifugo.
Fundi Sospeter amefunga springi za Starlet,
amechomelea, amepaka grisi, amejisifu.

Sikubishana. Nilivuka barabara,
nikarudi na trei moja,
nikaiweka nyuma, pale nilipokuwa nakaa,
tukazunguka, Gerezani, Msimbazi, tukarudi.

Mawili yalivunjika.
“Mawili si mbaya,” Sospeter akasema,
akijifuta ute kiganjani.

Nikampigia mama Makongo.
Akauliza: “Ya upande gani?”
“Kushoto.”
Nikasikia kuku nyuma yake.
“Mwambie hajakaza.”