Sindano Ishirini na Tatu

Nimezihesabu.
Saba kichwani, pale aliponyolewa kwa wembe,
mbili kila mkono, tano kila mguu,
na moja moja kwenye nyayo,
mahali ambapo Daktari Qi hupaita Chemchemi Ibubujikayo
ingawa nyayo za binti yangu hazijawahi kuloa mchanga wa mto.

Goti lina jina pia: chini yake vidole vinne
kuna Maili Tatu za Mguu.
Maili tatu!
Salimai ana miaka minne. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua tisa
na hajazimaliza.

Siku ya kwanza alilia hadi sauti ikakauka.
Nilimshika kichwa, nikasoma Bismillahi ya babu yangu,
nikatazama dirisha, barafu yake, na chini kabisa
Mto Manjano ukipita Lanzhou bila kumuuliza mtu hali.
Siku ya kumi alinyamaza.
Siku ya kumi na tano akasema,
maneno yakishuka moja moja, kama wazee wakishuka treni,
"Baba. Hizi. Antena. Leo. Nashika. Stesheni. Gani?"

Tangu hapo kila asubuhi ninamtangazia:
hapa ni Urumqi, kuna theluji; hapa ni Guangdong,
mama yako yupo zamu ya usiku, anashona zipu, anakusalimu.
Daktari akizungusha sindano ya utosini
Salimai hukunja uso: "Inakwaruza."

Mimi ni mvuta tambi.
Unga naujua. Unga mkaidi haupigwi,
unafunikwa kitambaa kibichi, unaachwa,
ndipo unakubali: kunjo la kwanza, la pili, hadi la nane,
nyuzi mia mbili hamsini na sita mkononi, hakuna iliyokatika.
Lakini mguu huu niliouzaa mimi
nikiuvuta unanivuta.
Unakakamaa kama mkia wa paka aliyeogopa.
Mtindio wa ubongo, walisema, wakaniandikia kwenye karatasi
nikaibeba mfukoni kama risiti ya kitu nisichokumbuka kukinunua.

Kitanda cha pili, bibi yake Jinbao anaapa:
siku sitini, na mjukuu akasimama, akaiba chungwa.
Kitanda cha nne, Yan Cuiping alimaliza duru tatu za tiba,
akauza pikipiki ya mumewe, kisha Jumanne moja
akafunga begi, akambeba mwanawe mgongoni.
Hakuaga. Shuka ilibaki na umbo la mtoto.

Nilimuuliza daktari. Alikuwa akiitazama sindano, si mimi.
"Nimeona waliotembea. Nimeona wasiotembea.
Wote niliwachoma kwa mkono huu huu."
Halafu akanitaka nisogee, namzibia mwanga.

Wanasema mwenda pole hajikwai.
Wangu huenda pole, na hujikwaa, na huinuka
akiwa amekasirikia sakafu.

Jana jioni, dukani, nilimketisha kwenye gunia la unga.
Mkono wa kushoto umefumba tangu azaliwe,
dole gumba ndani, limefichwa
kama senti ya mchoyo.
Nikageuka kuchochea mchuzi.
Nilipogeuka tena dole lilikuwa nje.
Nje, jekundu, lenye aibu,
limezama kwenye donge langu la unga
hadi kwenye kucha.

Sijui ni sindano.
Sijui ni Bi Guo, anayemnyoosha kila adhuhuri hadi wote wawili watoe jasho,
au ni miaka minne tu, imechoka kukunjwa.
Au ni unga, mlaini, uliokuwa karibu.
Sikumwita mtu. Nilisimama na upawa mkononi, mchuzi ukichemka,
ukimwagika, ukizima moto.

Baadaye nikalivuta donge lile lile, kunjo nane.
Mteja wa meza ya mwisho akanyanyua vijiti:
"Mzee Ma, tambi zako leo zina fundo."
Nikamwomba radhi.
Pesa yake sikumrudishia.