Madoa ya Kanga

Saa nane usiku, Lunga Lunga.
Mtambo unameza karatasi, mita mia tatu kwa dakika,
na yule kanga wa pakiti ya unga
ameota madoa yasiyo yake.

"Ni kanga," asema Nyaberi. "Nani atahesabu?"

Kasyoka hamjibu. Anazima.
Kimya kile kinauma masikio.

Ananusa ndoo: amonia imekwisha kutoroka.
Povu limeumuka
kama maziwa yaliyosahaulika jikoni.
Anachota wino kwa kikombe chenye tundu,
anahesabu kwa Kikamba, midomo tu:
sekunde thelathini na nane.
Jana mchana zilikuwa ishirini na tano.

Baridi ya Julai, basi, na ndoo isiyofunikwa.
Si bamba, si karatasi,
si yule kijana wa zamu ya mchana tuliyemtukana.

Amonia kidogo kwanza, maji baadaye.
Dawa ya povu, matone mawili;
ukizidisha, wino unaikimbia karatasi.
Kisha brashi kwenye rola,
mpaka vishimo vyake vipumue.

Mtambo unaamka polepole, halafu haraka.
Kasyoka anakata kipande, anakiinua kwenye taa.

Madoa mia na saba.

Nyuma yake, Nyaberi naye anahesabu.