Zaidi ya Arobaini

Maji yalipopungua Kahe
nilihesabu nyumba kwa kidole, matope magotini:
arobaini na moja.
Mhariri akasema kwenye simu, huku anatafuna kitu,
"Arobaini na moja ni hesabu ya karani.
Andika zaidi ya arobaini. Inajaa mdomoni."

Nikaandika. Neno hilo nalijua:
bei ya vitunguu yapanda zaidi,
zaidi ya washiriki mia wahudhuria semina,
kahawa ya msimu huu bora zaidi,
kwa maelezo zaidi fika ofisi ya kata.
Zaidi ya nini, bora kuliko ipi,
hakuna aliyewahi kuniuliza.

Jumamosi, sokoni Kiborloni,
Ndeshukurwa Mlay alinikunjulia gazeti
alilofungiwa dagaa,
sentensi yangu inanuka chumvi.
Akataja majirani kwa sauti,
toka kwa Aikaeli hadi kwa yule fundi baiskeli,
akafika arobaini, akanyamaza.
"Yangu ilikuwa ya mwisho, kule mtoni.
Kwa hiyo zaidi ndiyo mimi?"

Nilitaka kumweleza habari ya nafasi, ya vichwa vya habari.
Nikamnunulia sufuria.
Mfuniko haukuenea. Akacheka, kidogo tu.

Leo nimetumwa mnadani, ng'ombe wameshuka bei.
"Weka zaidi ya mia," simu inasema.
Nimerudi uwanjani na daftari,
nahesabu mikia kwenye vumbi.
Mia na nne.
Subiri, kuna ndama
nyuma ya mama yake.