Jumanne, Tiketi Nusu Bei

Ya kwanza: mapanga, damu, saa tatu nzima.
Nilichotoka nacho ni njaa.
Ya pili waliisifu mno: mtu analitazama dirisha,
dirisha nalo linamtazama.
Zurabi alikoroma,
nikamwonea wivu.

Lakini ile ya jana,
ya mama anayeshona kifungo kwenye koti la marehemu,
haina kichwa wala miguu, nakiri,
na mwisho wake sikuuelewa.

Tulitoka. Kutaisi ilikuwa theluji na tope,
basi la mwisho limeshapita.
"Pesa tumezitupa," akasema Zurabi.
Nikasema ndiyo.
Nikakishika kifungo changu cha juu,
kinachoning'inia tangu Eteri aondoke,
nikatembea nacho hadi nyumbani,
kidole juu ya uzi.